Seva ya dukani au wingu? Jibu kwa mwenye maduka sita

Swali: Msomaji anayeendesha maduka sita ya vyombo na vifaa vya nyumbani anaeleza kwamba kila duka lina seva, yaani kompyuta inayotunza programu na data za duka, katika chumba cha nyuma, na kaunta mbili hadi nne zinazoitegemea. Usiku, mauzo ya matawi matano hutumwa tawi kuu. Seva zimefikisha miaka saba na zimeanza kusumbua. Muuzaji wa programu anamshauri ahamishie kila kitu kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, na kulipia kwa mwezi, ilhali fundi wake wa siku nyingi anamwambia anunue seva mpya, kwa sababu intaneti ikikatika duka litafunga. Anauliza amsikilize nani.

Jibu: Ndugu yangu, fundi wako anaogopa jambo la kweli, na muuzaji anakuahidi jambo la kweli. Kinachonisumbua ni kwamba wote wawili wanazungumza kana kwamba mfumo wa duka ni furushi moja lisilofunguliwa, libebwe lote upande huu au lote upande ule. Ndani ya mfumo wako kuna kazi nyingi, na kazi hizo hazina haraka inayolingana. Mteja aliyesimama mbele ya keshia na bidhaa mkononi hawezi kuwekwa dakika tano, wakati taarifa ya mauzo ya mwezi inaweza kungoja hadi kesho mchana bila mtu kuumia. Kwa maoni yangu kazi ya kuuza ibaki kaunta, ndani ya mashine ya keshia yenyewe, na kila kinachohitaji matawi sita yaonane kiende wingu. Seva ya chumba cha nyuma, kwa maduka ya ukubwa wa yako, ndiyo itakayokosa kazi. Lakini kuna masharti, na sehemu kubwa ya barua hii ni masharti hayo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana "wingu" hutumika kuuzia vitu vitatu tofauti. Ipo programu inayofunguliwa ndani ya kivinjari, ambapo kaunta haina chochote cha kwake: kila kinachoonekana kwenye skrini kinatoka kwenye seva za mbali, na laini ikikatika skrini inaganda. Ipo programu iliyosakinishwa kwenye mashine ya kaunta, yenye hifadhidata yake ndogo iliyobeba orodha ya bidhaa, bei, viwango vya kodi na majina ya makeshia. Hiyo huuza kwa kutumia kile ilicho nacho, kisha hupeleka kila muamala wingu na kupokea mabadiliko ya bei kutoka huko. Halafu ipo ya tatu, na huu ndio mtego: programu ileile ya zamani imeng'olewa kwenye seva ya chumba cha nyuma na kupandikizwa kwenye seva ya kukodi, na keshia anaifikia kwa kutazama skrini ya kompyuta iliyo mbali. Skana na printa ya risiti ziko hapa, programu iko kule, kila kitufe kinachobonyezwa kinasafiri kwenda na kurudi, laini ikikatika hakuna kinachobaki, na bado unahitaji fundi wa kuihudumia seva kama zamani. Nimewahi kukuta mwenye duka analipia kitu hicho kila mwezi akiamini amehamia wingu. Alichohama ni chumba tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wako liwe hili: ni ipi kati ya hizi tatu unayoniuzia?

Ili uone kwa nini naipendelea aina ya pili, fuatilia bidhaa moja inavyopita kwenye skana. Msimbopau haujabeba bei, umebeba namba. Ndivyo ilivyokuwa tangu tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu ya Wrigley's iliposomwa kwa skana katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa msimbo wa UPC. Ili namba ile igeuke kuwa jina na bei kwenye risiti, ilibidi pawepo kompyuta ya kuulizwa: namba hii ni ya nini, na inauzwa kiasi gani? Zaidi ya miaka 50 baadaye, ukivua maneno yote ya kibiashara, mvutano wa fundi wako na muuzaji wako ni huohuo: jedwali la bei likae wapi?

Likikaa ndani ya mashine ya kaunta, jibu hurudi kabla keshia hajashika bidhaa inayofuata. Likikaa kwenye seva ya chumba cha nyuma, kupitia kebo ya mita 20, tofauti haionekani kwa macho. Likikaa katika kituo cha data kilicho umbali wa kilomita 5,000, mwanga ndani ya nyuzi za mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 50, kabla ya kuhesabu ruta za njiani na kazi ya seva yenyewe. Milisekunde 50 hazimuumizi mtu. Kinachoumiza ni programu iliyoandikwa kivivu, ambayo kwa kila bidhaa huuliza bei, kisha punguzo, kisha kodi, kisha stoki, swali moja baada ya jingine, kila moja likingoja jibu la mwenzake. Jioni laini inapoelemewa, vile vipande vidogo vya kungoja hujumlishana na kuwa sekunde nzima na zaidi. Hapo utamwona keshia akipitisha kikombe mara ya pili kwa kudhani skana haikusoma, na mteja anakwenda nyumbani amelipia vikombe saba ilhali amebeba sita. Kosa la namna hii halionekani kwenye taarifa yoyote ya mfumo. Huonekana mwisho wa mwezi, mnapohesabu stoki na kukuta vikombe vingi kuliko vilivyoandikwa, na hakuna anayeweza kueleza vilitoka wapi.

Sasa juu ya kukatika. Mikataba ya wingu huja na asilimia, na asilimia zina tabia ya kupumbaza. Upatikanaji wa asilimia 99.9 ni ruhusa ya kutokuwapo kwa takriban saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, asilimia 99.99 ni kama dakika 52. Hizo ni ahadi za upande wao tu, na zikivunjwa kwa kawaida fidia ni kurudishiwa sehemu ya ada ya mwezi, wala hazigusi mauzo uliyopoteza. Na vituo vikubwa huanguka kweli. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa Amazon aliingiza amri yenye kosa alipokuwa akishughulikia hitilafu katika mfumo wa ankara, akaondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia, na huduma ya kuhifadhi data ya S3 katika eneo la Virginia ikayumba kwa takriban saa nne, pamoja na tovuti na programu nyingi zilizoitegemea. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kazi hii, kinachokata duka mara nyingi zaidi ni kitu kidogo kilicho karibu: kebo iliyokatwa na wachimbaji wa barabara, ruta iliyoganda ndani ya kabati lisilo na hewa, ankara ya intaneti iliyosahaulika mezani kwa mhasibu.

Dawa ya hilo ni laini mbili zenye asili tofauti, moja ya kebo na nyingine ya mtandao wa simu, na ruta inayohama yenyewe kutoka hii kwenda ile bila mtu kugusa kitu. Uliza njia zinapopita. Kampuni mbili za intaneti zinaweza kukodi nyuzi zilezile zilizolala katika mtaro mmoja, na koleo likishuka zinakatika zote mbili kwa pigo moja.

Fundi wako anaposema intaneti ikikatika duka limefunga, mkumbushe jambo moja bila kumkejeli. Mashine ya kadi iliyo kwenye kaunta zako leo huzungumza na benki kupitia laini hiyohiyo, seva iwe chumba cha nyuma au isiwepo kabisa. Ikiwa wateja wako wengi hawalipi taslimu, basi tayari unategemea laini, na seva mpya haitakuondolea utegemezi huo hata kidogo. Baadhi ya mashine za kadi zinaweza kupokea malipo bila laini na kuyatuma baadaye, lakini benki ya mteja ikikataa muamala ule usiku, hasara kwa kawaida ni ya mwenye duka. Ukikubali utaratibu huo, weka kikomo cha kiasi kwa kila malipo, kiandikwe ndani ya mfumo. Kisiachwe kwa huruma ya keshia.

Hapa tumefika kwenye kiini. Kila muuzaji atakuambia kwamba programu yake "inafanya kazi bila intaneti", na karibu kila mara ni kweli kwa maana fulani. Maana hiyo ndiyo ya kuichimba, kwa sababu kuuza bila laini ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuoanisha hesabu laini inaporudi.

Chukua masufuria. Asubuhi mfumo unaonyesha tawi lako la pili lina masufuria matano ya aina moja. Laini inakatika. Kaunta ya kwanza inauza mawili, kaunta ya pili inauza moja, kila moja ikiamini kwamba ilianza na matano. Laini inarudi. Programu mbovu itatuma masalio: kaunta ya kwanza itasema "yamebaki matatu", kaunta ya pili itasema "yamebaki manne", na anayetuma mwisho ndiye atakayeaminiwa, ingawa rafuni kuna mawili. Programu nzuri haitumi salio kamwe. Inatuma tukio: "yametoka mawili", "limetoka moja", kila tukio na saa yake, na wingu ndilo linalojumlisha. Mhandisi wa muuzaji wako anapaswa kukujibu swali hili kwa sentensi moja. Akianza kuzunguka, andika pembeni.

Namba za risiti nazo zina mtego wao. Ikiwa namba hutolewa na seva moja ya mbali, kaunta mbili zilizokatwa ama hazitatoa namba au zitatoa namba moja kwa wateja wawili, na mhasibu atakuja kukuuliza. Namba inapaswa kuanza na kitambulisho cha tawi na cha kaunta, ili kila mashine iendelee kuhesabu peke yake bila kugongana na nyingine. Saa za mashine zote zioane, vinginevyo bidhaa itaonekana imerudishwa kabla haijauzwa. Kuhusu marejesho yenyewe: mteja akileta birika alilonunua tawi jingine jana, na laini imekatika, keshia atathibitishaje risiti? Na kadi za zawadi na pointi za wateja je? Kadi ya zawadi ikipokelewa bila laini, mtu mwerevu anaweza kuitumia kwenye matawi matatu katika alasiri moja. Msimamo wangu ni kwamba bila laini kaunta iuze, itoe risiti na ipokee taslimu. Ikatae kadi za zawadi na pointi. Na irudishe fedha za bidhaa zilizonunuliwa tawi hilohilo tu. Huo ni uamuzi wa mwenye biashara, na programu inapaswa kukuruhusu kuuweka unavyotaka.

Jambo la mwisho katika hili ni dogo na wengi hulisahau. Programu nyingi zinaendelea kuuza laini ikikatika, lakini mashine ikizimwa na kuwashwa tena zinadai kwanza kuingia wingu kuthibitisha nenosiri la keshia, na hapo ndipo duka linaposimama. Umeme na intaneti hukatika pamoja mara nyingi sana, kwa hiyo uwezo wa kuuza ambao hauhimili mashine kuzimwa na kuwashwa haukusaidii siku unapouhitaji.

Sasa seva ya chumba cha nyuma. Nimezihudumia kwa miaka mingi na sina kisa nazo. Ina kasi, iko chini ya mkono wako, ukishainunua ni yako. Ila ni kama mnyama wa kufugwa: inataka mtu wa kuitazama kila wiki, na maduka mengi yana mtu wa kuitazama inapougua tu. Niliwahi kuitwa kwenye duka ambalo tangu saa sita mchana kaunta zote zilikuwa zinakataa kuhifadhi mauzo. Seva ilikuwa hai, diski ilikuwa na nafasi tele, kebo zilikuwa nzima, na mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha swichi ya mtandao bila mafanikio. Programu ilikuwa inatumia toleo la bure la mwaka 2019 la SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ambalo haliruhusu hifadhidata moja kuzidi GB 10. Siku ile saa sita mchana hifadhidata ilikuwa imejaa. Miaka yote ya risiti ilikuwa humo, hakuna aliyewahi kuhamishia kumbukumbu za zamani mahali pengine, na hakuna aliyejua kwamba kikomo kipo. Hakuna kilichoharibika, kulikosekana mtu wa kutazama namba moja mara moja kwa mwezi.

Kwa maduka sita, hiyo ni kazi mara sita: masasisho sita, betri sita za UPS (kifaa cha akiba ya umeme) za kubadilisha, nakala rudufu sita za kukagua. Tarehe nazo hazingoji. Kama seva zako zinatumia Windows Server 2016, Microsoft itaacha kuipatia masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 12 Januari 2027. Mashine za kaunta zinazotumia toleo la kawaida la Windows 10 ziliacha kuyapata tarehe 14 Oktoba 2025, na hizo utalazimika kuzishughulikia uamuzi wowote utakaoufanya.

Juu ya nakala rudufu nitakuwa mkali kidogo. Diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva moja zinakukinga dhidi ya diski moja kufa. Mtu akifuta jedwali la bei kwa bahati mbaya, litafutika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva hiyohiyo huondoka na mwizi yuleyule, na huunguzwa na moto uleule. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo, na zaidi ya yote, mtu awe amewahi kuirejesha nakala hiyo na kuiona inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Usidhani wingu linakuondolea mzigo huu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo kimoja cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg kiliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala, kwa sababu vyote viwili vilikuwa eneo moja. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper ulikosa huduma kwa siku kadhaa baada ya mazingira yake katika wingu la Google kufutwa kwa kosa la mipangilio. Kilichosaidia kuuokoa ni kwamba ulikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine. Kwako wewe, maana yake ni rahisi: kila usiku faili la mauzo, stoki, bei na wateja lishushwe kutoka wingu hadi mahali unapopamiliki mwenyewe, katika umbo linalosomeka bila programu ya muuzaji. Fundi wako anaweza kuupanga utaratibu huo kwa siku moja.

Kuhusu usalama, watu hupenda kuniuliza upande upi uko salama zaidi, na jibu langu huwakatisha tamaa, kwa sababu mahali mashine ilipo ni sehemu ndogo sana ya jambo. Mwishoni mwa mwaka 2013 wezi waliingia kwenye mtandao wa maduka ya Target nchini Marekani kwa kutumia nywila zilizoibwa kutoka kwa mkandarasi wa mitambo ya majokofu na viyoyozi, wakafika hadi mashine za kaunta na kuchota data za kadi milioni 40. Mashine zile zilikuwa ndani ya maduka. Julai 2021 maduka takriban 800 ya Coop nchini Sweden yalifungwa, maana kaunta hazikuweza kuuza: wahalifu walikuwa wamepenya programu ya Kaseya, ambayo kampuni za IT huitumia kusimamia kompyuta za wateja wao kutoka mbali. Nazo zilikuwa ndani ya maduka. Kinachoamua ni nani ana ufunguo wa kuingia kutoka nje na ufunguo huo unalindwaje. Kwa hiyo, popote utakapokwenda: mashine za kaunta ziwe kwenye mtandao wao peke yao, mbali na intaneti ya wateja na kamera za ulinzi, kila keshia na kila meneja awe na akaunti yake, akaunti ya msimamizi mkuu ilindwe kwa uthibitishaji wa hatua mbili, na mkandarasi aingie pale tu unapomfungulia. Katika wingu, hili la msimamizi mkuu ni zito zaidi, kwa kuwa nywila moja iliyovuja hufungua matawi sita kwa pamoja.

Gharama nitazipitia haraka, kwa kuwa hesabu unaijua kuliko mimi. Linganisha kwa miaka mitano, usilinganishe kwa mwezi. Upande wa seva weka seva zenyewe, leseni, UPS, diski, na saa za fundi, hata kama fundi ni ndugu na hatoi ankara. Upande wa wingu weka ada, laini ya pili kwa kila tawi, na nyongeza ya bei ambayo mkataba unairuhusu. Tazama kama ada ni kwa tawi au kwa kaunta, maana wewe una kaunta nyingi kwa tawi na hiyo inaweza kugeuza jibu lote. Kisha soma ukurasa unaoeleza namna ya kutoka: ukisitisha mkataba, utapewa data zako katika umbo gani, za miaka mingapi, na ndani ya siku ngapi? Ukurasa huo usipokuwepo, omba uandikwe kabla ya saini.

Jibu langu lingekuwa tofauti kama ungekuwa na duka moja kubwa lenye kaunta 30, mizani na mashine za wateja kujihudumia wenyewe. Hapo seva ya dukani ina hoja nzito, kwa sababu kaunta nyingi zinahitaji kuonana hata laini ya nje ikifa. Hata kwako, uliza kama kaunta za tawi moja zinaweza kuendelea kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa mtandao wa ndani. Zipo programu zinazoweza. Na kama ungekuwa na kaunta moja tu na laini mbili nzuri, ningekuambia hata ile ya kivinjari inatosha.

Kwa hali yako, ningefanya hivi. Miezi miwili ya kwanza nisingegusa kaunta kabisa. Ningesafisha orodha ya bidhaa, kwa maana baada ya miaka saba nina hakika kuna sahani moja yenye majina matatu, na wingu litaeneza uchafu huo kwa matawi yote kwa haraka kuliko zamani. Kisha ningechagua tawi moja la majaribio, lisiwe tawi kuu wala lisiwe tawi linalosinzia, liwe lenye foleni ya kweli. Stoki ihesabiwe kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kuhama.

Baada ya wiki mbili, katika saa yenye wateja wengi, nenda mwenyewe na uchomoe kebo ya nje na ile laini ya simu. Muuzaji awepo. Acha makeshia wauze kwa saa mbili: wauze kwa punguzo, wapokee marejesho na malipo ya taslimu. Zima mashine moja na uiwashe. Badilisha bei ya bidhaa moja makao makuu wakati tawi halina laini, uone risiti inasemaje. Rudisha kebo, kisha uchukue risiti za karatasi za saa zile mbili na kuzilinganisha moja moja na kilichofika wingu. Ikiwa zote zimefika, mara moja kila moja, kwa saa sahihi na stoki sahihi, endelea na tawi la pili. Muuzaji akikataa jaribio hili kabla ya mkataba wa miaka mitatu, basi swali lako amelijibu.

Fundi wako usimpoteze. Katika mpango huu ndiye atakayesimamia laini, ruta, mtandao wa kaunta na nakala ya kila usiku, na kazi hizo sasa zina uzito kuliko kufuta vumbi kwenye seva sita. Mwambie mapema, kabla hajasikia kwa muuzaji.

Seva za zamani zisiuzwe siku ya kuhama. Acha moja, ile ya tawi kuu, ikiwaka kwa kusomwa tu hadi hesabu za mwaka zifungwe na mkaguzi aridhike, kwa sababu yatakuja maswali kuhusu risiti ambazo mfumo mpya haukuzipokea. Baada ya hapo toa diski katika zote sita na uziharibu kabisa kabla ya kuzitupa seva. Majina na namba za simu za wateja wako bado zimo humo.